Stesheni au sedani: kuchagua gari la familia lenye nguvu kwa barabara za Mtwara na Lindi

Chukua Subaru Legacy B4 ya 2005 na Legacy Touring Wagon ya mwaka huohuo, zote GT, kisha fungua boneti. Utakuta injini ileile ya EJ20 yenye tabo, rejeta ileile na breki zilezile za mbele. Kinachotofautisha sedani na stesheni wagoni kiko nyuma: paa lililorefushwa, kioo kikubwa, mlango mzito wa kunyanyua juu, na makumi machache ya kilo zilizoongezeka. Kwenye lami ya Mtwara hadi Mingoyo, dereva wa kawaida hazihisi kilo hizo anapokanyaga mafuta. Kwa hiyo ubishi wa kijiweni kwamba sedani ndiyo inayokimbia na stesheni ni la mizigo una ukweli mdogo sana ndani yake. Cha kuamulia ni watu wangapi, mzigo gani na barabara ipi, vyote vitatu vikikutana siku moja.

Siku hiyo kwa familia nyingi za huku inajulikana. Ni Januari mtoto anapopelekwa bwenini, ni msimu wa korosho unapopanda Newala au Tandahimba na kurudi na viroba, au ni safari ya Dar ukiwa na watoto watatu na bibi yao. Gari lichaguliwe kwa siku hiyo. Siku nyingine zote, za kutoka Shangani kwenda sokoni na kurudi, gari lolote litatosha.

Jozi zilizopo sokoni

Legacy ya 2003 hadi 2009 ndiyo jozi rahisi kulinganisha, kwa sababu karibu kila injini inayopatikana kwenye B4 inapatikana pia kwenye stesheni yake. GT ya tabo ina nguvu farasi 260 kwa giaboksi ya otomatiki na 280 kwa ya mkono. Kuna lita 2.0 isiyo na tabo, na kuna 3.0R ya silinda sita, farasi 250, inayotumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Hiyo 3.0R haitajwi sana vijiweni, lakini kwa familia inayokwenda mbali na gari limejaa ina hoja nzito: nguvu inapatikana mapema bila tabo, na hakuna mkanda wa kubadilisha.

Altezza na Altezza Gita zinafanana sura ya mbele tu. Injini ya 3S-GE ya silinda nne, ile yenye kelele tamu, iko kwenye sedani peke yake. Gita ina silinda sita tu: 1G-FE ya lita 2.0 au 2JZ-GE ya lita 3.0, na hiyo ya 3.0 kwa soko la Japani haikuwekwa kwenye sedani. Halafu usidanganywe na mkia wa Gita. Paa lake linashuka mapema, kioo cha nyuma kimelala, na mzigo wa kimo kirefu unagonga kioo kabla mlango haujafungwa. Anayetaka stesheni kwa ajili ya mzigo atafute kwingine.

Mark II, ile inayoitwa GX110, ina ndugu yake Mark II Blit ya 2002 hadi 2007. Zote zinapatikana na injini za 1G-FE na 1JZ, hadi 1JZ-GTE ya tabo yenye farasi 280. Angalizo moja: uso wa Blit ni wa peke yake, kwa hiyo taa na grili ya GX110, ambazo ziko tele kwa wauza spea, haziingii. Mark X iliyofuata 2004 ni sedani tu. Mark X Zio ni gari tofauti la kuvutwa na matairi ya mbele, na jina lisikuchanganye.

Mwenye bajeti kubwa zaidi atazame Subaru Levorg na WRX S4, zote za kuanzia 2014. Levorg ya 2.0 na S4 zinashiriki injini ya FA20 ya farasi 300. Levorg ya 1.6 ina farasi 170 na ilitengenezwa itumie petroli ya kawaida ya Japani, jambo ambalo lina uzito huku, kama itakavyoonekana mbele. Caldina GT-Four ya 2002 hadi 2007 nayo ni stesheni nzuri ya tabo, ila haina sedani ya rika lake yenye injini hiyo, basi haina cha kulinganishwa nacho hapa.

Pima mzigo nyumbani kabla ya kwenda kuona gari

Chukua futi ya fundi cherehani au ya seremala. Pima vitu vinne: tranka la shule, godoro la 2.5 kwa 6 likiwa limeviringishwa na kufungwa kamba, mtungi mkubwa wa gesi, na kiroba cha kilo 50 kikiwa kimelala. Andika urefu, upana na kimo. Karatasi hiyo uende nayo.

Kwenye sedani usipime kina cha buti. Kina huwa kizuri siku zote na ndicho muuzaji anachokuonyesha. Pima mdomo: upana kati ya taa na taa, na nafasi kutoka ukingo wa chini hadi chini ya kioo. Buti la sedani linaweza kuwa na ujazo unaokaribiana na wa stesheni iliyosimamisha viti, lakini tranka la bati haliingii kwa ujazo, linaingia kwa mdomo. Ukishapima mdomo, fungua na kufunga buti taratibu ukiangalia mikono ya bawaba. Kwenye sedani nyingi mikono hiyo hushuka ndani ya buti na kukandamiza mzigo pande zote mbili. Kipande hicho cha nafasi kipo kwenye karatasi ya mauzo, kwenye safari hakipo.

Usichukulie pia kwamba viti vya nyuma vya sedani vinalala. Vingine vina tundu dogo katikati la kupitisha kitu chembamba, vingine vimefungwa moja kwa moja kwenye bodi. Vuta mwenyewe uone.

Kwenye stesheni pima mara mbili: viti vikiwa vimesimama, halafu kiti kimoja kikiwa kimelala na wawili wamekaa kando yake. Kipimo cha pili ndicho cha maana kwa familia. Stesheni ambalo kiti cha nyuma kimegawanywa mara mbili linaweza kubeba godoro na watoto wawili kwa pamoja. Kiti kikilala chote kwa mpigo, unachagua kimoja. Pima pia kimo cha mlango wa nyuma ukiwa wazi. Mtu mrefu hugonga kichwa, na mtu mfupi hushindwa kuufikia kuufunga pale mkono wa kushikia unapokuwa umevunjika.

Kwa watoto wadogo, ingiza vidole kati ya mgongo na makalio ya kiti cha nyuma utafute vyuma viwili vya kufungia kiti cha mtoto, vilivyoachana sentimita 28 katikati kwa katikati. Magari ya miaka ya mwanzo ya 2000 mengine hayana, na hapo kiti cha mtoto kitafungwa kwa mkanda wa gari. Inafaa, mradi mkanda ujifunge vizuri na usiwe umekakamaa.

Kilo 275

Gari linapotoka Japani huja na cheti cha kusafirisha nje. Ndani yake kuna uzito wa gari tupu na uzito wa jumla. Toa kimoja kwenye kingine: kwa gari la watu watano utapata 275. Ni hesabu ya Kijapani ya kilo 55 kwa kila abiria, mara watano, na mzigo haumo. Gari halivunjiki likifika kilo 276, lakini namba hiyo inakuambia gari liliandikiwa familia ya aina gani.

Sasa piga hesabu ya kwako. Baba kilo 80, mama 70, watoto watatu wa kilo 30: jumla 240. Zimebaki 35. Kiroba kimoja cha mchele wa Kilombero tayari kimepita. Sedani hukuzuia bila kukusudia, maana buti hujaa mapema. Stesheni halikuzuii. Unaweka viroba vitatu vya mbaazi, ndoo ya asali, ndizi juu yake na kiroba cha ming'oko pembeni, mlango unafunga vizuri, na nyuma imeshuka kama bata. Hapo ndipo stesheni nyingi za huku zinapoharibikia. Anayenunua stesheni ajue ananunua nafasi, kilo hakuziongezewa.

Kinachofuata ni mlolongo unaotabirika. Springi za nyuma zinalegea, shokapu zinagonga mpira wa kikomo kwenye matuta na kuanza kuvuja, bushi za nyuma zinapasuka, matairi ya nyuma yanakula upande wa ndani. Taa za mbele zinapanda na kuwapiga wenzako machoni usiku. Magari yenye taa za zenoni yana sensa ndogo nyuma inayoshusha taa yenyewe. Fimbo yake ni nyembamba, huoza kwa kutu na kukatika, na taa zikawa hazijirekebishi tena. Angalia kama ipo.

Tairi nalo lina kikomo. Legacy GT hutumia 215/45R17, na namba 87 iliyoandikwa baada ya kipimo maana yake kilo 545 kwa tairi moja. Tairi lenye 91 hubeba 615. Ukinunua matairi, usikubali namba iliyo chini ya ile iliyokuja na gari, hata kama kipimo kingine chote kinafanana. Upepo ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na mstari wake wa mzigo kamili kama upo.

Samaki, vumbi na joto

Kuna jambo ambalo watu wa bara hawaliulizi na watu wa Mikindani, Kilwa na Lindi mjini wanapaswa kuliuliza la kwanza: je, gari litabeba samaki? Buti la sedani limetenganishwa na chumba cha abiria kwa kiti na bati. Ng'onda, pweza na dagaa hubaki huko na harufu yao. Kwenye stesheni mzigo na abiria wanavuta hewa moja. Maji ya samaki yakishaingia kwenye kapeti ya nyuma na sponji iliyo chini yake, hakuna dawa ila kuvua kapeti yote, kufua na kukausha jua siku kadhaa. Anayebeba samaki kila wiki kwa stesheni anunue boksi la plastiki lenye mfuniko na mpira, na trei ya mpira yenye kingo itandikwe sakafuni kwanza. La sivyo achukue sedani, na asione aibu.

Mtungi wa gesi na dumu la petroli vinahesabiwa hivyohivyo. Kwenye stesheni vinakaa chumba kimoja na watoto. Mtungi ufungwe wima, valvu imefungwa na kofia yake juu, vioo vishushwe kidogo, na safari iwe fupi. Petroli ya dumu isibebwe kabisa.

Vumbi la njia ya udongo huzunguka nyuma ya stesheni na kujipaka kwenye kioo, ndiyo maana stesheni lina waipa ya nyuma na sedani nyingi hazina. Mpira wa mlango wa nyuma ukiwa umekufa, vumbi linaingia ndani. Pima kwa noti: bana noti kwenye mlango, funga, vuta. Ikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha. Usiendeshe na mlango wa nyuma ukiwa wazi umefungwa kamba, hata kwa sababu ya godoro. Moshi wa ekzosi hunyonywa ndani na hewa hiyohiyo inayoleta vumbi, na wanaolala kiti cha nyuma hawatajua.

Kiyoyozi kina kazi kubwa zaidi kwenye stesheni kwa sababu hewa ni nyingi na kioo ni kikubwa. Jaribu saa nane mchana, gari likiwa limeegeshwa juani. Weka kipimajoto cha bei ndogo kwenye tundu la hewa la katikati, injini ikiwa inaunguruma, feni ya pili. Baada ya dakika 10 hewa ikiwa haijashuka chini ya nyuzi 15, gesi imepungua au kompresa imechoka. Kisha kaa kiti cha nyuma. Dereva huwa haoni tatizo, watoto ndio wanaoiva.

Mzigo usioona

Sehemu ya nyuma ya stesheni si kiti. Watoto kupakiwa pale, wamekunja miguu na kupungia magari, ni desturi tunayoiona kila sikukuu, na ndipo bodi ilipotengenezwa ijikunje gari likigongwa nyuma. Hakuna mkanda na hakuna kichwa cha kiti. Familia yenye watu saba inunue gari la watu saba.

Mzigo mzito ukae chini kabisa na ugusane na mgongo wa kiti, mwepesi juu yake, na usipite juu ya kiti. Sakafuni mwa stesheni kuna ndoano nne, mara nyingi zimefichwa chini ya vifuniko vya plastiki. Funga kwa mkanda wa kukaza, kamba ya manila hulegea kwa mtikisiko. Gari likigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa na kusimama ghafla, kitu kilicho huru nyuma husukuma kwa nguvu inayozidi mara kumi ya uzito wake. Mtungi wa gesi uliojaa wenye kilo 30 hapo unakuwa kama watu wazima watatu au wanne waliorushwa kwa pamoja. Stesheni nyingi ziliuzwa na wavu wa kutenganisha mzigo na abiria pamoja na pazia la kufunika. Vingi havifiki Tanzania pamoja na gari. Vikiwepo, ni sababu halali ya kuchagua gari moja kuliko jingine, kwa kuwa kuvitafuta baadaye ni kazi. Pazia pia linaficha mzigo ukiegesha mjini. Sedani haina shida hiyo.

Barabara zinataka nini

Lami ya Dar hadi Mtwara haiombi stesheni wala sedani, inaomba ukuta wa tairi. Shimo moja baada ya mvua za Novemba hadi Aprili linatosha kupinda rimu ya inchi 17. Tairi la 215/45R17 lina ukuta wa milimita 97. Ukibadili kuwa 205/55R16 unapata ukuta wa 113, na kipenyo kizima kinabadilika kwa asilimia moja tu, kwa hiyo spidomita haipotei. Kabla ya kununua rimu za 16, jaribu moja mbele na uizungushe kwa mkono: kwenye magari ya tabo kalipa ya breki ni kubwa na rimu nyingine hugusa.

Uwazi wa chini wa magari haya ni kama sentimita 15, na gari likijaa unapungua. Kwa anayekwenda Msimbati kwenye mchanga, au vijiji vya juu ya uwanda wa Makonde visivyofikiwa na lami, si sedani wala stesheni la mbio linalofaa kwa kila wiki. Huko ni Outback au Forester. Baadhi ya mafundi huongeza vipande chini ya springi ili kuinua gari. Sentimita 2 hadi 3 zinavumilika ukipima matairi upya. Zaidi ya hapo ekseli zinakaa pembe mbaya na mipira yake inapasuka mapema.

Gari la kusukumwa na matairi ya nyuma, kama Blit au Mark X, likiwa tupu huteleza kwenye tope jekundu la kupanda Newala. Likiwa na mzigo nyuma linashika vizuri zaidi. Subaru inashika matairi yote manne, lakini kwa masharti: matairi yawe ya aina moja na yaliyochakaa sawasawa. Mzunguko wa tairi na tairi usipishane zaidi ya milimita 6, ambazo ni sawa na kina cha kashata (mistari ya tairi) kutofautiana milimita moja hivi. Anayebadilisha matairi mawili ya nyuma tu kwa sababu stesheni limeyala kwa mzigo, anachoma giaboksi. Ndiyo gharama iliyofichika ya Legacy ya familia: unanunua matairi manne au hununui.

Tabo, petroli na kodi

Hapa ndipo fedha ilipo, na umbo la gari halina neno. Japani huuza petroli ya madaraja mawili: ya kawaida isiyopungua oktani 89 na ya juu isiyopungua 96. Legacy GT, Blit ya tabo, S4 na Levorg ya 2.0 ziliandikiwa ile ya juu. Hapa kwetu kituo kinakuuzia petroli bila kukupa uchaguzi huo. Injini ina sensa inayorudisha nyuma muda wa cheche ikisikia injini inagonga ndani, kwa hiyo utapata nguvu pungufu kuliko iliyoandikwa, na ukikanyaga sana gari likiwa limejaa kwenye mlima, unacheza na pistoni. Kwa stesheni la kubebea familia na mzigo, ushauri wetu ni injini isiyo na tabo au tabo ndogo: Legacy 2.0 au 3.0R, Blit ya 2.5 isiyo na tabo, Levorg 1.6. Tabo kubwa iende kwenye sedani inayopanda watu wanne bila viroba.

Hesabu ya safari: Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560. Tangi la Legacy hiyo ni lita 64. Ukipata kilomita 9 kwa lita, safari inakula lita 62, na taa itakuwa inawaka kabla hujafika Mbagala. Jaza tena Nangurukuru au Kibiti. EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi bajeti ya safari ifanywe kwa bei ya mwezi huo.

Kwenye kodi, mpaka ni sentimita za ujazo 2,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini iliyo juu ya 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 ikizidi hapo. Legacy 2.0 yenye 1,994 iko chini ya mpaka, Mark X 2.5 iko juu. Juu yake kuna tozo ya uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30 kwa lililozidi miaka 10. Viwango hufuata bajeti ya kila Juni, hivyo ingiza gari lenyewe kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hata dola moja. Stesheni na sedani za injini moja hazitofautiani kwa viwango hivi. Zinatofautiana kwa thamani ambayo TRA imeipa kila moja.

Ukaguzi, kuanzia nyuma kwenda mbele

Kama gari bado liko Japani, omba karatasi ya mnada. Herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokula, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja la R ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kwa stesheni, XX au W kwenye mlango wa nyuma au kwato za nyuma (bati linalozunguka gurudumu) ni sababu ya kuliacha, kwa sababu bodi ikipinda kidogo mlango ule hautaziba tena.

Kama gari liko mbele yako, anza nyuma. Inua kapeti na gurudumu la akiba. Maji au alama ya maji kwenye shimo hilo yametoka kwenye gasketi za taa au mpira wa mlango, na kwa hewa ya chumvi ya pwani hii, bati litatoboka. Pitisha kidole ukingo wa chini wa mlango wa nyuma na ndani ya kwato. Kwenye stesheni angalia miguu ya reli za paa: rangi iliyovimba pale ni kutu inayotoka ndani. Nyanyua mlango nusu na uachie. Shokapu mbili za gesi za mlango zikiwa hai utasimama au kupanda, zikiwa zimekufa utakuangukia. Jaribu waipa na nyaya za joto za kioo, kwani nyaya hupita kwenye bomba la mpira karibu na bawaba na hukatika hapo kwa kufunguliwa mara nyingi. Taa ya namba ikiwaka na kuzimika mlango ukitikiswa, jibu umelipata.

Kisha pakia. Watu watatu nyuma na kilo 100 hivi za mzigo. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa kwato, kulia na kushoto. Pande zikipishana zaidi ya sentimita moja na nusu, springi moja imechoka. Endesha hivyohivyo juu ya matuta kwa mwendo wa kawaida. Gari linaloendeshwa tupu siku ya ukaguzi halijakaguliwa.

Mbele, uliza mkanda wa taimingi. EJ20, 1G-FE, 1JZ, 2JZ na 3S zote zina mkanda wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Mark X, Levorg, S4 na 3.0R zina cheni. Bila kibandiko cha lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Kwenye EJ20 nunua seti nzima: mkanda, tenshena, rola zote na pampu ya maji. Rola ya zamani ikikwama, mkanda mpya unakatika, na valvu zinakutana na pistoni. Mark X yenye sindano za moja kwa moja hujenga masizi kwenye valvu za kuingizia hewa. Injini ikitetemeka asubuhi gari likiwa limesimama, hiyo ndiyo ya kushuku baada ya plagi na koili.

Spea za mbele za ndugu wawili wa Legacy au Altezza zinaingiliana. Za bodi ya nyuma haziingiliani. Kioo cha nyuma, taa na bampa la stesheni mara nyingi vitaagizwa Dar na kuja kwa basi, na kioo kikubwa kinachosafirishwa kwenye buti la basi kifungwe kwa ubao pande zote mbili. Bima kubwa inayojumuisha vioo ina maana zaidi kwa stesheni kuliko kwa sedani.

Ukilinunua gari la tabo, mafuta ya injini yabadilishwe kila kilomita 5,000 na kijiti kipimwe kila unapojaza tangi mara ya pili. Ukifika Lindi kutoka safari ndefu, usizime papo hapo. Acha injini iungurume dakika moja au mbili wakati watoto wanashuka. Kwa stesheni, wiki ya kwanza badilisha shokapu za nyuma kama zina hata jasho la mafuta, zote mbili kwa pamoja, na mafuta ya giaboksi kabla ya kupakia tranka la kwanza.